Orodha ya Riwaya Alizosoma Wifi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mpangilio ule ule ulionifundisha nikiwa darasa la kwanza, ulipokuwa ukisimama nyuma ya kiti changu na kunirudishia daftari kila nilipovuka mstari. Hujambo? Nyumba haijambo? Kazi ya kupima viwanja inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinama kutwa, umepoa? Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu. Mimi ni mzima kiasi. Mkono wangu wa kushoto, ule niliouvunja utotoni nilipoanguka ngazini, umeanza tena kuuma kwa sababu ya baridi, na kuna siku nashindwa kukaza kitabu kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, bila kuomba msaada. Lakini naandikia wa kulia, kwa hiyo usipate shida kwa ajili yangu.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Unataka mambo mawili. La kwanza, orodha ya riwaya zote nilizompendekezea mkeo, za kale na za kisasa, tangu ya kwanza hadi ile aliyokuwa nayo wiki aliyotoweka. La pili, pembeni ya kila riwaya nikuandikie majina ya watu walioiazima kabla yake na baada yake. Unasema kati ya majina hayo limo la mwanamume aliyemtia mkeo maneno kichwani na ufunguo mkononi, na kwamba ukishamjua utajua la kufanya naye. Hukusema ni lipi. Hukuwa na haja ya kuniambia, mimi nakujua.

Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote. Lakini nimesikia habari za mwalimu mstaafu, yule mzee wa miwani miwili anayekaa karibu na dirisha na kusoma riwaya moja mara tatu. Wewe ulimwona siku moja kaunta akirudisha kitabu ambacho mkeo naye alikuwa amekiazima, ukaliweka moyoni. Ulimsubiri kwenye kona, pale kwa fundi viatu, ukatembea naye bega kwa bega hadi kwake, mkono wako ukiwa begani mwake kama mtu na mjomba wake. Hukumpiga. Ulimwambia tu kwamba kutoka maktabani hadi geti lake ni hatua mia sita na arobaini, na kwamba umezihesabu mara mbili ili usikosee. Tangu siku hiyo hajaja. Miwani yake ya pili bado iko kwenye droo ya kaunta, na mkuu wa maktaba hataki mtu aiguse.

Kwa hiyo orodha nitakupa. Majina sitakupa, na ukifika mwisho wa barua utaona kwa nini hayana kazi.

Nikukumbushe kwanza ilivyoanza, maana aliyeianzisha ni wewe. Miezi sita iliyopita ulikuja kazini kwangu ukiwa umevaa shati la kutokea, ukaniambia wifi yangu amechoka na nyumba, anasimama sana dirishani na kupiga soga na jirani, na wewe hupendi. Ukasema nimchagulie vitabu vya hadithi, vizuri, vyenye sifa, vya kumtuliza. Kaka, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Miaka kumi na mmoja niko pale na hukuwahi kuniuliza nafanya nini. Nilichukua wiki nzima kuiandaa orodha ile. Niliweka riwaya ishirini, kuanzia zile za kale ambazo mtu asipozisoma tunamhesabu hajaanza kusoma, hadi za juzi ambazo wino wake bado unanukia. Niliiandika kwa mkono, nikaipiga mstari chini kwa rula. Ulipoipokea ulinishika kichwa ukasema, kumbe Kifutio naye ana akili. Nilitembea na sifa ile mwezi mzima.

Jina hilo la Kifutio ulinipa wewe, na ni haki yangu. Watu hudhani sisi tunaotengeneza vitabu tunavisoma. Thubutu! Kitabu kikirudi kutoka kwa msomaji kinapita mezani kwangu. Nakagua mshono, nabandika ukurasa uliochanika, kisha nachukua kifutio na kuondoa alama zote za penseli walizoacha watu wasiojua kuwa kitabu si mali yao. Na tunafuta kuanzia ukurasa wa mwisho kuja wa kwanza. Fundi aliyenifundisha alinikataza kabisa kuanza mwanzo, kwa sababu ukianza mwanzo hadithi inakuteka, na ikishakuteka utakaa na kitabu kimoja kutwa huku vingine vikikungoja. Ukienda kinyumenyume unaona mistari tu, maneno huyaoni. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote hii, vidole vimejaa vumbi la kifutio, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Utaratibu wetu unaujua. Jumamosi moja kila wiki mbili ulikuja mwenyewe, kwa sababu wifi hakuwa akitoka. Unaweka kaunta kile alichomaliza, unapewa kingine. Kabla hujaondoka unakipindua kitabu, unakishika kwa majalada na kukikung'uta kama mtu anayetoa mchanga kwenye kiatu. Kisha unafungua ukurasa mmoja mmoja, kwa utulivu, ukitafuta karatasi. Mkuu wa maktaba alikutania kwamba umekosea kazi, ungefaa forodhani. Ulicheka. Mimi pia nilicheka, nikasema ndivyo ulivyo, huna jambo unaloliacha bila kulipima.

Basi, orodha yenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ile ya kale ya mjane fundi saa, ambaye saa za mji mzima zinakwenda kwa mkono wake isipokuwa ya nyumbani kwake. Mtu yeyote akiniuliza aanzie wapi kusoma riwaya, humwambia aanzie hapo. Ilirudi baada ya wiki mbili. Nilifuta.

Ya pili ni ile ya ndugu wawili wanaogawana shamba la baba yao kwa kamba. Hiyo uliisoma na wewe kidogo, ukaja kunilalamikia kwamba mwandishi hajui kupima, kamba ikilowa inavutika na yeye hakulisema. Ya tatu ni ya kisasa, nyembamba, ya mwanamke wa ghorofa ya nne anayezoeana na jirani wa juu kwa sababu ya nguo zinazodondoka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Ya nne ni ya mpishi wa jeshi, imechapwa kwenye karatasi inayong'aa, na picha ndani. Ya tano ni ile ya kuchekesha ya mwalimu mkuu anayeficha ugoro ndani ya mgongo wa daftari la mahudhurio, na siku ya ukaguzi daftari linamsaliti. Tafadhali ikumbuke hiyo. Ulisoma kurasa tatu pale pale kaunta ukacheka hadi ukajifuta macho. Ya sita ni lile pandikizi la vizazi vitatu vya ukoo mmoja, ambalo watu hulisifu sana na wachache hulimaliza. Wifi alilimaliza.

Zote sita zilirudi na mistari ya penseli, myembamba, ya mtu mwenye adabu. Zote sita nilizifuta kinyumenyume. Nilijisemea kimoyomoyo kwamba wifi ni mtu mzima, mbona hajui kutunza kitabu. Nilikusudia hata kukuambia umwonye. Bahati nzuri nilisahau, na nikikumbuka jinsi nilivyokaribia kukuambia napoteza usingizi.

Ya saba ni riwaya ya mwanamke anayeshona sare za wafungwa. Siku iliporudi, kifutio changu kilikuwa kimebaki kipande kidogo kama punje ya hindi, na mtu wa stoo alikuwa amekwenda msibani na funguo zake. Nilifuta kurasa za mwisho, kikaisha. Sikuwa na kazi nyingine mezani. Nikakifungua kitabu mwanzoni, kama anavyofanya binadamu mwingine yeyote, nikaanza kusoma.

Kaka, hakupiga mistari ovyo. Sura nzima mstari mmoja, halafu sura mbili hakuna, halafu mmoja tena. Na katikati ya kitabu, pale yule mshonaji anapoandika maneno na kuyashonea ndani ya pindo la suruali ya mfungwa asiyemjua, wifi alikuwa amepiga mstari mara tatu, mpaka penseli ikatoboa karatasi. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi niko hapa. Yeyote atakayepitisha macho hapa, ajue kwamba niko hapa."

Nilikaa na kitabu kile mapajani mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikaenda kwenye rafu kutafuta vile sita.

Penseli ukiifuta, weusi wake unaondoka lakini mkandamizo wake hauondoki wote. Ukikiinamisha kitabu dirishani, jua likaja kwa ubavu, mfereji wa mstari unaonekana kama kovu. Nilivipitia kimoja kimoja, saa za mchana, mlango wa chumba changu ukiwa nimeurudishia. Katika ile ya mjane fundi saa alikuwa amepiga mstari hapa: "Aliijua hali ya siku nzima kwa namna funguo zilivyotupwa mezani." Katika ile ya ndugu wawili: "Alipimiwa hata mahali pa kusimama." Katika ile ya kisasa ya ghorofani: "Dirisha nalo likapigiliwa misumari." Nikakumbuka ulivyoniambia, tena kwa kujisifu, kwamba umepigilia madirisha ya upande wa jirani kwa sababu ya vumbi. Katika ile ya kuchekesha, ambayo nilidhani itamchangamsha, alikuwa amepiga mistari miwili. Mmoja ni pale panapoelezwa ugoro ulivyofichwa kwenye mgongo wa daftari. Wa pili: "Alicheka kwa sauti ili majirani waridhike." Na katika lile pandikizi la ukoo: "Hakuna aliyeuliza kwa nini amevaa mikono mirefu wakati wa joto."

Ile ya nne, ya mpishi wa jeshi, karatasi yake inayong'aa haikuhifadhi kitu. Nimeigeuza na kuigeuza. Alichonieleza wifi wiki zile mbili nilikifuta mimi kwa mkono wangu, na sitakijua. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Unajua nilichofanya kwanza? Nilikutetea. Nilijisemea kwamba wasomaji wana mambo, mtu akisoma riwaya anajiona yumo, huenda anapenda tu maneno ya huzuni. Nilijisemea kwamba wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, wewe ndiye uliyenilipia karo, na mtu wa namna hiyo hawezi. Nilikutetea siku tatu nzima. Siku ya nne nikachonga penseli.

Ya nane katika orodha haikuwamo kati ya zile ishirini, na wewe hukugundua. Ni ya kisasa, ya mwanamke wa kituo cha simu anayeunganisha watu ambao hatakutana nao. Nilipiga mstari mmoja tu, hafifu, ukurasa wa kumi na tisa: "Nimekusikia. Laini ilikuwa mbovu, niwie radhi." Ulikikung'uta kitabu, ukakagua kurasa zote, ukanishukuru, ukaondoka nacho kwapani. Nilisimama pale nikikutazama mpaka ukavuka barabara.

Ya tisa ni ile ya kale ya mpiga kinanda aliyezeeka. Ilichelewa kurudi. Ulikuja nayo Jumamosi ambayo haikuwa yetu, ukaeleza kabla hujaulizwa kwamba wifi ameteleza bafuni na uso umevimba kidogo, lakini anaendelea vizuri. Nilikupa pole. Ulipoondoka nilifungua kitabu. Kitabu kizima kilikuwa na mstari mmoja: "Safari hii hakutumia mkono."

Ya kumi ndiyo ya mwisho, na ndiyo unayoitafuta.

Ni ile riwaya ya kale nene kuliko zote tulizo nazo, ya nyumba moja kubwa na watumishi wake. Nikiulizwa riwaya moja tu ya kusomwa kabla ya kufa, huitaja hiyo. Ulipoinyanyua ulitania kwamba kitabu kizito hivi mtu anaweza kuua mtu nacho. Mgongo wake ulikuwa umechakaa, nikaubandua wote nikautia kitambaa kipya cha kahawia, na kazi ile naweza kusema bila haya kwamba ni kazi bora niliyowahi kufanya maishani. Katika sura ya kwanza neno "mgongo" limetokea mara tatu. Nilipiga mstari mara zote tatu. Nilijua atakumbuka ugoro wa mwalimu mkuu, na alikumbuka.

Ndani ya mgongo, kati ya kitambaa na mshono, nilishonea ufunguo kwa nyuzi mbili ili usigonge. Niliuzungushia karatasi nyembamba, nikaandika kwamba nyuma ya kabati la vyombo, pale jikoni, kuna mlango. Wifi hakujua. Angejuaje? Alipoletwa kama bibi harusi kwenye nyumba hiyo ya wazazi wetu kabati lilikuwa pale, na mimi nilipozaliwa lilikuwa pale. Nilimwandikia apake kitasa mafuta ya kupikia kwa siku mbili, atoe vyombo kabla ya kulisogeza, na asitoke na begi. Ulikikung'uta kitabu kile, Kaka. Ulikikung'uta vizuri. Ulifungua kurasa zote mia saba na ushee, na watu wawili wakasubiri nyuma yako. Kisha ukakibeba hadi nyumbani kwa mikono yako, ukamkabidhi.

Alitoka saa nne asubuhi, wewe ukiwa viwanjani na ufunguo wa mlango wa mbele mfukoni. Alipita uani na beseni la nguo kichwani, akamsalimu jirani, akaenda.

Sasa kuhusu ufunguo. Ulipokuja maktabani Alhamisi ile, siku chache baada ya yeye kutoka, na kuuweka kaunta mbele yangu kama ulivyoukuta kitasani, ukaniuliza kama naujua, nilisema siujui. Huo ni uongo wa kwanza niliowahi kukuambia nikikutazama machoni. Ulisema kuna fundi wa chuma aliyeuchonga, akaukwaruza na kuupaka masizi ili uonekane wa zamani, na fundi huyo lazima ni mmoja wa wasomaji wetu. Ulisema ule wa zamani baba aliutupa chooni mbele ya macho yako, wiki ile aliposukuma kabati pale mwenyewe. Ulikuwa na miaka minane. Ndiyo, alitupa ufunguo. Alitupa wa stoo ya kuni, kwa sababu ndio mama aliomkabidhi. Huo wa jikoni mama alibaki nao maisha yake yote, ameufunga kwenye pindo la kanga, na hakuutumia. Alinipa wiki moja kabla hajafariki. Hakunieleza ni wa nini. Alinifumba vidole juu yake, akageukia ukutani. Niliuweka kama kumbukumbu yake, kama mwingine anavyoweka picha.

Kwa hiyo hakuna mwanamume. Mwalimu mstaafu hajawahi hata kumwona wifi. Hakuna fundi wa chuma, hakuna msomaji aliyemwandikia, hakuna jina la kukupa. Aliyemwandikia ni mimi. Aliyepeleka ni wewe.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Alhamisi ile ulipokuwa umesimama kaunta, ukizungusha ufunguo wa mama juu ya mbao kwa kidole kimoja, wifi alikuwa chumbani kwangu cha kazi, ameketi juu ya marobota ya magazeti ya zamani, akinikunjia karatasi. Alikuja kwetu maktabani moja kwa moja siku ile ya beseni. Alikusikia kila neno. Wewe unayehesabu kila kitu, kutoka mahali uliposimama hadi mlango wangu ni hatua saba. Hizo hukuzihesabu.

Hayupo tena pale. Mimi pia sipo. Mihuri ya posta usiisumbukie, nimempa mtu barua hii aitume kutoka mji ambao si wangu wala si wake. Kwenye meza yangu utamkuta fundi mwingine, hajui lolote, na mkuu wa maktaba ameagizwa nini cha kufanya ukionekana mlangoni. Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ni ile ya saba, ya mshona sare. Nimeilipa, ni yako. Mistari yake sijaifuta, na kwenye kurasa nyeupe za mwisho nimenakili kwa mkono wangu mistari yote niliyoikuta kwenye vile vingine, na tarehe, na yale uliyoniambia kila ulipovileta: vumbi la madirisha, kuteleza bafuni, hatua mia sita na arobaini. Nakala kama hiyo anayo mwanasheria. Akipatwa na jambo wifi, au mwalimu, au mimi, itafunguliwa.

Uliniomba riwaya inayofaa kusomwa, Kaka. Nakupendekezea hiyo. Ianze mwanzo, usifanye nilivyofanya mimi.

Mwisho wa kurasa zile, chini kabisa, utaona mstari mmoja ambao si wa wifi. Ni wangu. Nilikuwa na miaka sita, wewe una kumi na minne, na nilikuwa nimevuka mstari kwenye daftari. Mama alipouliza ulijibu wewe, na mimi nikaitikia, na nimeendelea kuitikia kwa madaktari, kwa walimu, kwa marafiki, hata mwanzoni mwa barua hii nimeitikia tena kwa mazoea. Nimeandika hivi tu: sikuanguka ngazini.

Nakutakia afya, hilo nalisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kusoma na sijui kukuchukia hata ninapojaribu. Nisalimie nyumba yetu. Nisalimie mlango wa jikoni, uache wazi hewa iingie. Wifi hajakutumia salamu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwita Kifutio.